Turudishieni Saa Kumi na Nusu: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Shule za Bweni

Kwa wakuu wa shule za bweni, wajumbe wa bodi za shule, maafisa elimu na wakaguzi wa wilaya, na Wizara ya Elimu na Michezo, Kampala.

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na salamu kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kocha wa mpira wa kikapu katika shule ndogo ya bweni upande wa Tororo, Uganda, si mbali na barabara iendayo Malaba, mpakani na Kenya. Wanafunzi wetu hawafiki mia tatu. Wazazi wao ni madereva wa malori, wauza mitumba, wakulima wa muhogo na mtama, askari, na akina mama wanaovusha mahindi na maharagwe mpakani. Uwanja wetu wa kikapu ni wa maramu, udongo mwekundu wa changarawe, nao una ringi moja tu.

Muhula uliopita saa yetu ya michezo ilifutwa. Ilikuwa inaanza saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili, siku nne kwa wiki. Sasa muda huo ni kipindi cha ziada cha hisabati na sayansi. Siandiki kumshtaki mkuu wangu. Namheshimu, na kila nilipobisha mlango wake alinikaribisha kiti. Walimu wenzangu wa michezo katika shule nyingine ndogo wananieleza habari hiyo hiyo, na chanzo chake ni kimoja. Matokeo yakitoka, magazeti hupanga shule kwa alama, na mzazi mwenye ada mkononi huisoma orodha ile kabla hajauliza lolote jingine. Shule ndogo isiyoonekana pale hukosa watoto, na ikikosa watoto hufungwa. Hilo nalijua vizuri, maana mshahara wangu unatoka kwenye ada hizo hizo.

Hata hivyo naomba saa ile irudishwe, katika shule yetu na katika kila shule ya bweni ilikofutwa. Niruhusuni nieleze kilichokuwa kinafanyika ndani yake, kwa sababu naamini walioifuta hawakupata nafasi ya kusimama kando ya uwanja wakaona.

Kwanza, habari ya karatasi. Mimi hufundisha masomo mawili ambayo mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umeyafanya ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili: Kiswahili na mazoezi ya viungo. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani yote mawili yapo. Mkaguzi akija atayaona, ataweka alama yake, atakunywa chai, ataondoka. Kipindi cha mazoezi ya viungo kikifika, mwalimu wa somo lenye mtihani mgumu huomba akitumie "leo tu", na hiyo leo tu haijawahi kwisha. Kwa hiyo saa ya jioni ndiyo iliyokuwa imebaki. Ilipoondolewa, watoto wetu walibaki bila hata dakika moja ya kukimbia chini ya uangalizi wa mtu mzima.

Wapo watakaosema watoto wacheze baada ya kipindi cha ziada. Baada ya lini? Kipindi kinakwisha karibu saa kumi na mbili, na huku kwetu jua huzama kufikia saa moja mwaka mzima, mvua au kiangazi, kwa tofauti ya nusu saa hivi. Uwanja hauna taa. Katika mwanga mdogo unaobaki mtoto anatakiwa achote maji, aoge, afue soksi, apange foleni ya posho (ugali) na maharagwe, kisha prepu, yaani kujisomea darasani, hadi saa nne usiku. Saa kumi na moja alfajiri kengele inalia tena.

Mtoto wa shule ya kutwa ana njia ya kwenda nyumbani. Hiyo njia ni mapumziko yake: anaruka mitaro, anafukuzana na wenzake, anatumwa dukani, anachunga mbuzi. Mtoto wa bweni yuko ndani ya uzio ule ule kwa wiki kumi na mbili au zaidi. Darasa, bwalo, bweni, darasa. Mwaka huu matroni wetu ameniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba ugomvi wa bwenini umeongezeka tangu jioni zilipobadilika, na kwamba wavulana wawili wamekamatwa wakiruka uzio kwenda kituo cha malori. Mmoja wao alikuwa mchezaji wangu. Nilipomwuliza alikuwa anatafuta nini, alisema alitaka tu kutembea.

Mchezo huu wenyewe ulianzia kwenye shida kama hiyo. Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, nchini Marekani, mwalimu James Naismith alikabidhiwa darasa la vijana waliofungiwa ndani na baridi, wakawa hawashikiki. Akawabunia mchezo. Alitundika vikapu viwili vya matunda ya pichi kwenye kingo za roshani ya ukumbi, na roshani ile ilikuwa futi kumi kutoka sakafuni. Ndiyo maana hadi leo ringi hukaa mita 3.05 juu ya ardhi, Kampala na Chicago, wavulana na wasichana.

Hiyo mita 3.05 ina historia yake kwetu pia.

Ringi yetu ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea wa mjini, kwa nondo, juu ya bomba la chuma tulilolinunua kwa mchango wa wazazi. Siku ya kuisimamisha tulipima kwa futi kamba, mimi na fundi, mara tatu. Ilikuwa sawasawa. Miaka miwili baadaye tukaenda mashindano ya wilaya kwa mara ya kwanza, vijana kumi ndani ya taksi ya watu kumi na wanne, mpira mmoja mapajani mwa nahodha. Tulifungwa vibaya, lakini kilichonitesa ni namna tulivyofungwa. Vijana walikuwa wanafika mahali pazuri, wanaruka vizuri, mkono unafuata mpira vizuri, na mpira unagonga ukingo wa mbele wa ringi. Mmoja baada ya mwingine. Mitupo huru pia, ukingo wa mbele. Nahodha wangu alinitazama kutoka kwenye mstari kana kwamba nilikuwa nimemdanganya jambo.

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, nilichukua futi kamba nikapima ringi yetu. Mita 2.87. Sentimita kumi na nane pungufu. Nilipima tena. Bomba halikuzama wala ringi haikuinama. Kila likizo tulikuwa tunamwaga toroli za maramu chini ya ringi kuziba madimbwi, kwa sababu hapo ndipo miguu inapokanyaga zaidi na ndipo maji yanapotuama. Ardhi ilikuwa imepanda kidogo kidogo, na watoto walikuwa wameifunza mikono yao urefu ambao haupo kokote isipokuwa kwetu.

Jumatatu saa kumi na nusu niliwaita nikawaonyesha kipimo. Nikawaambia kosa ni langu, kocha ndiye anayepima. Hakuna aliyelalamika. Walikwenda stoo wakachukua majembe. Tulichimba siku tatu, tukatoa maramu yote tuliyokuwa tumeileta wenyewe, tukachimba mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba ya jikoni ili madimbwi yasirudi, tukashindilia kwa kigogo cha mkalitusi. Siku ya nne tukapima: 3.05.

Ndipo mwalimu wa hisabati alipoingia katika habari hii. Alikuwa anapita akaona watoto wanatupa na kukosa, akauliza kwa nini wanatupa kwa mstari ulionyooka. Akaokota kijiti, akachora chini. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45. Mpira wa wavulana una kipenyo cha sentimita 24 hivi. Mpira ukishuka wima kutoka juu, unauona mlango wote wa 45. Ukija kwa kuinama kwa pembe ya nyuzi 45, mlango unaouona ni wa sentimita 32 hivi. Ukija karibu kulala, kwa nyuzi 30, mlango unabaki 22.5. "Sasa mpira wa 24 utapitaje kwenye mlango wa 22 na nusu bila kugonga?" Watoto walinyamaza. Kisha kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye katika daftari la hisabati alikuwa na alama nyekundu tupu, akauliza: hiyo 22.5 umeipataje? Wakaketi chini kwenye maramu, mwalimu na watoto, mpaka kengele ya chakula ikalia, na sini ya pembe ikaeleweka kwa watu ambao kwa wiki nzima ubaoni ilikuwa haijaeleweka. Tangu siku hiyo neno letu la mazoezini likawa "mpandishie mlango", yaani utupe mpira juu ili ushuke kwenye mlango mpana.

Mwalimu huyo ndiye aliyekabidhiwa kipindi cha ziada saa ile ile. Ni rafiki yangu. Yeye mwenyewe ameniambia kwamba darasa la saa kumi na moja jioni lina macho yaliyofumbuka na akili zilizolala. Hakuomba saa hiyo, alipewa.

Nataka niseme pia juu ya wasichana, maana kwao saa hii ina uzito ambao wavulana hawaujui. Mvulana akikosa uwanja leo, likizoni atapata mpira wa miguu popote. Msichana akifika nyumbani anapokelewa na ndoo, na akionekana amevaa bukta anaitwa akaulizwe. Ile saa na nusu ndiyo pekee maishani mwake ambayo mwili wake ni wa kwake kuruka nao. Kuna mmoja aliyetujia akitokea kijijini ndani kabisa, mtoto wa shangazi aliyemlea kwa tabu. Muhula mzima wa kwanza darasani kwangu sikusikia sauti yake. Nikimwuliza swali anatazama dawati. Nilimweka kwenye ulinzi wa nyuma, kwa sababu ana miguu myepesi na anatazama sana. Sasa ulinzi wa kikapu haufanyiki kimya. Anayekaa nyuma anaona mambo ambayo wenzake wamegeuzia mgongo, na asiposema timu inafungwa. Kwetu lugha ya uwanjani ni Kiswahili, kwa kuwa kati ya wachezaji kumi na wawili kuna Wasamia, Wateso, Wajopadhola, Baganda na mmoja kutoka Kongo, na hakuna lugha nyingine ambayo wote wanaisikia kwa kasi inayotakiwa. Kushoto. Nyuma yako. Badilisha. Wangu huyo.

Wiki ya tatu alisema "nyuma yako" kwa sauti ya kunong'ona. Mwenzake hakusikia, tukafungwa. Nilisimamisha mchezo, nikarudisha kila mtu mahali pake, nikasema tunarudia mpaka yule wa mbele asikie. Tulirudia mara sita. Mara ya sita alipiga kelele hata wapishi wakatoka jikoni. Siku chache baadaye, darasani, nilikuwa naeleza ngeli ya KI-VI, nikakosea mfano kwa haraka. Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, hapo si sawa." Ilikuwa yake. Mtaala wetu mpya unataka mwanafunzi ajifunze mawasiliano na ushirikiano, na asilimia 20 ya alama ya mwisho ya kidato cha nne sasa hutokana na kazi zinazopimwa shuleni mwaka hadi mwaka. Mnatutaka tuwafundishe stadi hizo, nasi tunakubali. Naomba mtambue mahali ambapo nilikuwa nazifundisha.

Mwaka 2020 mwezi Machi shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Katikati ya kimya kile, mwishoni mwa Agosti 2021, timu yetu ya taifa ya kikapu, Silverbacks, iliitoa Nigeria katika AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, huko Kigali ikaingia robo fainali, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Vijana wangu walikuwa vijijini, wengine wanaponda mawe, wengine wanaendesha boda boda. Walitazama vipande vya mechi ile kwenye simu za watu. Tulipofungua Januari, kuna watatu ambao nina hakika walirudi shuleni kwa sababu ya ringi ile ya nondo. Wazazi wao waliniambia hivyo. Wawili wamemaliza kidato cha nne. Wa tatu yuko kidato cha sita sasa, anataka kusomea uhandisi.

Shule kubwa zenye majina hazijafuta saa zao za michezo. Zina viwanja vya saruji, zina makocha wawili wawili, zinakwenda mashindano ya Afrika Mashariki, na bado ziko juu kwenye orodha za magazeti. Hao hao huja kwetu kuchukua mtoto mrefu wa kidato cha tatu kwa ahadi ya kusamehewa ada. Mmoja wangu alichukuliwa hivyo nikafurahi, na amefika mbali. Mwingine alichukuliwa, akaumia goti mwaka huo huo, na ufadhili ukakoma muhula uliofuata. Alirudi kwetu akichechemea, akiwa na deni la ada. Kama kuna mwenye mamlaka anayesoma hapa, naomba ahadi za namna hiyo ziandikwe, zisainiwe na mzazi, na zimfikishe mtoto hadi mtihani wake wa mwisho, mzima au majeruhi.

Basi ninachoomba ni hiki.

Wakuu wa shule na bodi: saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, siku tatu kwa wiki ikiwa nne zimeshindikana, iwe ya michezo kwa kila mtoto wa bweni, anayejua na asiyejua. Kipindi cha ziada kiwekwe asubuhi Jumamosi, akili zikiwa bado safi. Mazoezi yetu hayahitaji fedha nyingi. Kwa ringi moja na mipira miwili nimewahi kufundisha watoto ishirini na wanne: nusu wako kwenye ringi, nusu wanafanya mwendo wa ulinzi kati ya mawe mawili, magoti yamekunjwa, mikono wazi, kisha wanabadilishana. Mpira wa raba unadumu muhula mmoja kwenye maramu. Wa ngozi unaliwa kwa wiki tatu, msiununue. Pampu ya baiskeli inatosha, na sindano yake naihifadhi kwenye boksi la chaki. Kitu kimoja tu ningeongeza: kikombe cha uji saa kumi. Mtoto aliyekula saa saba mchana hawezi kukimbia saa kumi na moja bila kizunguzungu.

Maafisa elimu wa wilaya: tupangieni mashindano ya watatu kwa watatu. Yanachezwa kwenye ringi moja, nusu uwanja, wachezaji watatu na mmoja wa akiba, dakika kumi au timu ya kwanza kufika pointi 21. Yameingia Olimpiki tangu michezo ya Tokyo mwaka 2021. Shule ambayo haiwezi kulipia taksi ya watu kumi na wanne inaweza kupeleka watoto wanne na mwalimu kwa boda boda tatu. Shule nane zinaweza kumaliza mashindano alasiri moja na kila mtoto akarudi kulala kitandani mwake.

Wakaguzi: msiishie ofisini kwenye ratiba ya ukutani. Njooni saa kumi na nusu, muulizeni mtoto yeyote mmkutaye lini mara ya mwisho alitoka jasho kwa kucheza.

Na Wizara, ambayo michezo imo ndani ya jina lake: toeni waraka mmoja unaosema kwamba saa ya michezo katika shule za bweni haiguswi. Mkuu wa shule ndogo peke yake hawezi kuwa wa kwanza kuirudisha huku jirani yake anafundisha mpaka giza. Anaogopa wazazi. Akiwa na waraka mkononi ataweza kuwaambia.

Likizo hii nimebaki shuleni. Jana nimepima ringi, iko 3.05. Mfereji umeziba kidogo, nitauzibua kabla mvua hazijaanza. Nyavu ya ringi tumefuma upya kwa kamba ya katani, mimi na mlinzi wa usiku. Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa kumi na nusu, nitakuwa pale na mipira miwili. Atakayetaka kuja aje na futi kamba yake.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili na kocha,
Tororo